Barua ya Pili Kuhusu Mguu Wako

Nyumbani kwetu,
Chumba cha nyuma, mezani karibu na dirisha,
Jumatatu, tarehe 9, mchana.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi vizuri, mto umewekwa mgongoni, maana barua hii ni ndefu na sitaki uisome umejikunja kama paka mgonjwa.

Hujambo? Watu wakiuliza hivyo huwa hawangoji jibu. Mimi leo nangoja. Homa imeshuka? Unakula, au unakisukuma chakula pembeni kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa na miaka minne? Kidonda bado kinatoa maji? Mama yako akikuuliza usimjibu "sijambo" ya mlangoni. Mwambie ukweli, na ukweli huo aniletee.

Sisi huku miili haijambo. Mgongo wangu ni ule ule, asubuhi unagoma, ikifika saa nne unakubali kazi. Babu yako anakohoa kidogo. Tangu Jumamosi ameketi uani anatengeneza kiti ambacho hakijavunjika. Ameng'oa misumari mizima, anaipigilia upya. Nimemwacha. Wengine hulia kwa macho, yeye hulia kwa nyundo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Barua hii anaileta mama yako kwa mkono wake. Anapanda basi kesho alfajiri, na Mungu akipenda Jumatano jioni atakuwa amesimama mbele ya kitanda chako. Mimi ningekuja mwenyewe, lakini siku mbili ndani ya basi magoti yangu hayaziwezi. Ningefika nanyi mngekuwa na wagonjwa wawili.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Naandika kwa sababu yako. Jumamosi mama yako alikupigia, akaniwekea simu sikioni, nikakuambia kwa kinywa changu: "Mjukuu wangu, nilikosea. Meza dawa. Waache madaktari wakate." Nawe ukanijibu nini? Ukasema, "Bibi, wamekulazimisha. Hiyo si sauti yako. Mimi nafuata ulichoandika kwa mkono wako." Kisha ukazima simu, na tangu hapo haipatikani.

Haya. Umetaka mkono wangu, ndio huu. Hakuna aliyenishikia kalamu wala aliyesimama nyuma yangu. Zitazame herufi zangu, zinapanda mlima na kushuka kama mbuzi waliofunguliwa. Ni mkono ule ule ulioandika barua uliyoibandika ukutani juu ya kitanda chako. Ndiyo, nimeambiwa. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alimweleza mama yako kwamba kila daktari akija unamwonyesha kidole ukutani na kumwambia, "Bibi yangu anafanya kazi na hao wanyama. Someni hapo."

Mume wangu, niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Unajua mimi ni mtu wa namna gani. Shule niliiona kwa nje. Hadi miaka sitini na moja nilikuwa napiga dole gumba kwenye karatasi ya mshahara. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye vibandiko vya matangi kazini, baada ya kuwalisha wanyama wa mstari mmoja mara mbili na wa mstari mwingine kulala njaa. Mtafiti wetu, huyu tunayemwita Miwani, alichoka kupiga kelele akaamua kunifundisha. Miaka miwili, kila siku wakati wa chakula cha mchana, herufi moja moja. Barua niliyokuandikia wiki tano zilizopita ilikuwa barua yangu ya kwanza duniani. Nilijivuna nayo. Nilimsomea babu yako mara tatu. Ndiyo hiyo barua iliyokuangusha.

Ili uelewe nilipopotea, lazima nikurudishe kwenye matangi.

Kazi yangu unaijua. Chumba kirefu, baridi, hakina dirisha. Matangi ya kioo ukuta huu na ukuta ule. Ndani yake salamanda, wanyama kama mijusi wanaoishi majini, weupe wenye wekundu kidogo, na pembeni mwa shingo wana vitu kama manyoya ya kupumulia. Nafagia, nasugua vioo, nawabadilishia maji. Maji ya bomba huwapi hivi hivi, yana dawa inayowachoma. Unayaweka kwenye mapipa hadi kesho yake ndipo unawapa. Nawalisha minyoo kwa koleo ndogo. Miaka kumi na moja sasa. Wananijua. Nikiingia wanakuja kiooni wamefungua midomo kama watoto wa mama yako mdogo.

Mwaka huu Miwani alikuwa na mistari miwili ya matangi. Wa kushoto na wa kulia. Wanyama wote walikatwa mguu wa mbele, tena kwa dawa ya usingizi, maana nilimwapia nitammwagia ndoo siku nitakayomwona akimkata mnyama aliye macho. Tofauti ilikuwa moja. Wale wa kulia walidungwa sindano fulani kwanza.

Wa kushoto nilishuhudia mwenyewe. Kidonda kikafunikwa na ngozi nyembamba. Halafu pakavimba kijiuvimbe kama chunusi. Halafu kikawa kama kijiko kidogo. Halafu vidole vikaanza kutoka kimoja kimoja. Mguu mzima, mjukuu wangu, na vidole vyake, na hakuna hata alama kwamba paliwahi kupita kisu.

Wa kulia, hamna. Kidonda kilifunga, kikaweka kovu, kikakaa kimya. Kigutu kikabaki kigutu. Nilidhani nimewakosea maji. Nikamwendea Miwani nikamwambia, "Mwanangu, hawa wa kulia wana nini? Kama ni mimi niambie nijue."

Akacheka. "Si wewe, bibi. Hawa tumewanyang'anya askari."

Ndipo akanieleza. Alisema mwili una kinga yake, hilo nililijua, hata zahanati wanalisema. Lakini ndani ya hiyo kinga kuna seli kubwa kubwa zenye kazi ya kumeza uchafu. Pakitokea jeraha zinafika mapema, zinameza vijidudu na vipande vilivyokufa, na zikishafagia zinawaita wengine waje wajenge. Sindano iliwaua hao wafagizi. Uwanja haukufagiwa, wajenzi hawakuitwa, mwili ukaziba tundu kwa kovu na yakaishia hapo.

Nikuambie ukweli, nilifurahi kama mtu aliyesikia jina lake redioni. Miaka yote hii nimeshika fagio, watu wananipita kama nguzo. Kumbe hata mwilini anayeanza ni mfagizi! Bila yeye hao mafundi wakubwa hawana pa kusimama. Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi. Babu yako akauliza, "Umepandishwa cheo?" Nikamjibu, "Zaidi ya hapo."

Furaha hiyo ndiyo iliyonipofusha.

Siku nne baadaye ikaja habari yako. Ule mzigo ghalani, ile mashine ya kunyanyulia, mguu wako chini yake, na madaktari wameukata kwenye kifundo. Mama yako alipiga yowe hadi jirani akaja na maji. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nawaza matangi. Nikasema moyoni, mbona mguu unaota? Nimeuona ukiota kwa macho yangu haya.

Kesho yake nikamsikia Miwani akimwambia mwanafunzi wake kwamba uvimbe wa mwanzo una kazi, kwamba ukiuzima wote mapema, mguu hauoti. Mimi nilikuwa nasugua kioo. Sikuuliza. Mwenye kuuliza anaonekana hajui, na mimi wiki ile nilikuwa najua. Nikaenda nyumbani nikachukua kalamu.

Unakumbuka nilivyoandika. Una barua ukutani, lakini nayarudia kwa aibu yangu mwenyewe. "Usimeze dawa za kutuliza uvimbe. Waache askari wako wafanye kazi. Mnyama aliyetiwa dawa hakuota mguu, asiyetiwa aliota. Subiri." Ndivyo nilivyoandika. Sikuweka "labda" hata moja. Wenye elimu wanaitia "labda" kila mstari, nami siku zote niliiona kama woga. Sasa nimejua ile labda ni ya nini. Imewekwa pale ili mtu asife.

Nawe ukatii. Dawa zako zote ziko kwenye mfuko mmoja, utajuaje ipi ya uvimbe na ipi ya vijidudu? Ukaziacha zote. Umekuwa mtoto mkaidi maisha yako yote. Nilikuambia usiache shule, ukaacha. Nilikuambia usimwoe yule wa kwanza, ukamwoa, nikaja kubeba masanduku. Katika maisha yako umenisikiliza mara moja tu, na mara hiyo moja nilikuwa nasema upuuzi. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umesikia la mkuu, na guu ndilo linakwenda.

Ijumaa muuguzi alipopiga simu kusema una usaha na homa, na kwamba hutaki kutia sahihi karatasi ya upasuaji, mama yako aliniangalia tu. Nilivaa viatu nikarudi kazini mbio, Miwani alikuwa anafunga mlango.

Nikamweleza yote pale pale koridoni. Akaingia ndani tena, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akavua miwani.

"Bibi, umemwambia aache dawa gani?"

"Za kutuliza."

"Ameacha zipi?"

"Zote."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akajishika kichwa. Kisha akanisomesha upya, safari hii taratibu, na kila sentensi ananiuliza, "Umenielewa?" Nami nakuandikia kama alivyosema, uisome mara mbili.

Sindano tuliyowapa wanyama wa kulia iliwekwa makusudi kuua wafagizi. Wewe hakuna aliyekupa hiyo. Vile vidonge vyako vikubwa haviui askari wako, vinaua vijidudu. Ni msaada uliotumwa vitani, nawe umeufungia mlango. Vile vingine vya maumivu na uvimbe daktari ndiye anayejua kiasi chake, si mimi, na wala si Miwani. Yeye alisema hivyo mwenyewe: "Mimi ni daktari wa wanyama wa majini, bibi. Mjukuu wako ana madaktari wake."

Nikamwuliza swali la mwisho, nikijua jibu, lakini nilitaka nilisikie. "Hata asingeacha dawa, mguu ungeota?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hapana, bibi. Sisi tunao wafagizi, tena wazuri. Lakini kwetu kazi yao inaishia kwenye kovu. Kwa nini wa salamanda wanaita wajenzi wa mguu na wa kwetu hawawaiti, hakuna anayejua yote. Ndiyo maana niko hapa. Labda siku moja. Si mwaka huu, si kwa mjukuu wako."

Umeiona labda yake? Mimi ningeikata.

Kwa hiyo lile kovu lililokuwa limeanza kufunga kabla hujaacha dawa, lile ulilomwambia mama yako kwamba ni dalili mbaya, halikuwa dalili mbaya. Askari wako walikuwa wanakufungia nyumba kwa jinsi wanavyojua. Nami nikakuambia uiache wazi.

Lipo jambo jingine, na hili nalitoa kwa shida.

Wale wanyama wa kulia hadithi yao haikuishia kwenye kovu. Wiki mbili baadaye, wafagizi waliporudi mwilini wenyewe, Miwani aliwakata tena juu kidogo ya kile kigutu. Mara ya pili mguu ukaanza kuota. Nilimsimulia mama yako kabla ya simu ya muuguzi, tukashangaa wote, tukamenya viazi.

Jana jikoni akanigeukia, macho yamevimba. "Mama, mwandikie hiyo. Mwambie kule walikata mara ya pili na mguu ukaota. Atatia sahihi mbio."

"Na usipoota?"

"Atakasirika. Anayekasirika yuko hai."

"Unataka nimdanganye mwanao?"

"Nataka umpeleke mezani kwa daktari! Ulimdanganya bila kutaka, sasa unashindwa kumdanganya kwa faida?"

Alinipata. Nilikaa hapa hapa dirishani nikaanza kuandika. Niliandika mistari miwili mizuri kabisa, herufi zimenyooka kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaichana. Na wewe, binti yangu, kama umeifungua bahasha hii ndani ya basi, kama ninavyokujua, ona aibu kidogo kisha uifunge. Sikukataa kwa kukudharau. Uchungu wako naujua, nilikuzaa wewe.

Nimekataa kwa sababu hii, mjukuu wangu. Ungetia sahihi, wangekukata, ungepona. Kisha ungeketi. Kila asubuhi ungefunua bandeji kutafuta kile kichunusi. Wangekuletea magongo, ungesema ya nini, mguu unakuja. Wangekuletea mguu wa kutengenezwa, ungeusukuma chini ya kitanda. Mwaka ungepita, wa pili ungepita. Mtu anayengoja mguu hajifunzi kutembea.

Kwa hiyo nakuambia ulivyo, bila sukari. Ule mguu umekwenda. Hauoti. Watakata tena juu ya pale walipokata, na huko nako hautaota. Lia ukitaka kulia. Tukana. Mtupie mama yako mto, atauokota.

Lakini goti bado lipo. Hilo ndilo lililobaki mezani, na hilo ndilo ninalokuombea nikiwa nimepiga magoti yangu mabovu. Daktari alimwambia mama yako wazi: ukikubali kabla ya Alhamisi kuisha, watakata chini ya goti. Ukiendelea kungoja, usaha unapanda, na watakata juu ya goti, kama si damu yenyewe kuwa imeshaharibika. Miwani anasema mwenye goti lake na mguu wa kutengenezwa anapanda ngazi na kushuka, anakimbilia basi, anabeba mtoto. Asiye na goti naye hutembea, ila kwa jasho la mara mbili. Usitoe goti kwa sababu ya barua ya bibi asiyejua.

Kama unafikiri kwamba ukikubali utakuwa umeniaibisha, utamwonyesha daktari kwamba nilikosea, basi niaibishe. Nina miaka sabini na mbili, nimeaibika kwa mambo madogo zaidi. Ibandue ile barua ukutani. Akija daktari asubuhi, mpe hii aisome. Mwambie bibi amejirudi kwa mkono wake mwenyewe.

Leo asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida. Yule mmoja wa mstari wa kushoto, mwenye doa kichwani, aliuegemeza mguu wake mpya kwenye kioo akanitazama. Zamani ningemsifu. Leo nilimpa mgongo. Nilifika hadi kwenye mapipa ya maji, nikarudi nikampa mnyoo wake. Yeye ana kosa gani? Ana mwili wake na sisi tuna wetu. Aliyechanganya ni mimi.

Miwani alitaka kukuandikia yeye mwenyewe. Nikamwambia hapana, mgonjwa ana homa, barua yako itakuwa na labda arobaini. Akacheka huku analia. Amenipa namba yake ya simu, iko nyuma ya bahasha. Daktari wako akitaka kuuliza kitu juu ya ule upuuzi wangu, ampigie. Amesema atapokea saa yoyote.

Huku mengine ni ya kawaida. Paa la jikoni linavuja pale pale, babu yako anasema ataliziba akimaliza kiti. Mama yako mdogo amegombana na fundi cherehani juu ya gauni, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyenenepa. Mjomba wako amenyoa ndevu na sasa watoto wanamkimbia. Ningekusimulia kwa raha siku nyingine, leo mkono hauna raha.

Babu yako anakusalimu. Nimemwuliza niandike nini, akasema, "Mwambie kiti kitakuwa tayari." Sijui kiti gani, ana viti sita vizima. Nimeandika kama alivyosema. Mama yako mdogo anakusalimu sana, mjomba na kidevu chake kitupu anakusalimu, jirani aliyeleta maji anauliza habari zako kila akiniona. Mpe salamu zangu muuguzi wa asubuhi, mwambie nimemshukuru kwa kupiga simu wakati wewe hukutaka apige. Msalimu pia mwenzako unayeishi naye chumba kimoja, na asikuletee soda, akuletee matunda.

Mungu akutie nguvu kwenye hiyo meza, awape madaktari mikono isiyotetemeka, na airudishe homa yako ardhini ilikotoka. Usiku na mchana jina lako liko mdomoni mwangu.

Najua unanikasirikia, au utanikasirikia ukishaelewa vizuri nilichokufanyia. Una haki. Ningekuwa wewe ningekasirika hadi mwakani. Lakini fanya kwa mpangilio: Alhamisi tia sahihi, kisha unichukie. Kuchukiwa kwangu kunaweza kungoja hata miaka kumi kama nitakuwa hai. Goti lako haliwezi.

Wako, akupendaye kwa kila kiungo ulicho nacho na kila kitakachobaki,

Bibi yako, kwa mkono wake mwenyewe.